Kuziba Ukuta Kabla ya Kupaka Rangi: Maneno ya Katibu kwa Wanachama

(Maneno haya yalisemwa mbele ya ghala siku ya mkutano wa wanachama. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani, na kwa waliokaa nyuma wasisikie vizuri kwa sababu ya mvua juu ya bati.)

 

Tumepewa nafasi ya kusema juu ya ukuta wa ghala letu na rangi yake. Wengine mtajiuliza, Katibu wa Tawi na rangi wapi na wapi? Ni kweli, sisi si mafundi. Lakini mwaka jana sisi ndio tuliosimama hapa hapa tukasema ghala lipakwe rangi upesi kabla wageni hawajafika, na rangi ile mmeiona wenyewe ilivyokuwa. Imebambuka kama ganda la ndizi. Kwa hiyo deni la maelezo ni letu, na leo tumekuja kulilipa.

Tuanze na jambo la mwezi uliopita, kwa sababu ndilo lililotuamsha.

Mnajua ule ubao mweusi wa chumba cha mwisho. Asubuhi karani anaandika juu yake kilo za parachichi alizoleta kila mwanachama, kwa namba ya uanachama. Jioni karani anafuta, na darasa la kisomo linaanza. Ubao ni huo huo mmoja. Siyo wa mbao, ni lipu ya ukutani iliyopakwa rangi nyeusi, kama zile za shule zetu nyingi. Na lipu hiyo ina mashimo. Mengine ni ya misumari ya zamani, mengine hatujui yametoka wapi, na kuna ufa mmoja unaoshuka kutoka pembe ya dirisha kama mto kwenye ramani.

Sasa mama mmoja wa darasa letu, mwanachama wa siku nyingi, alikuja kutazama kilo zake. Karani alikuwa ameandika 125. Kati ya mbili na tano palikuwa na shimo dogo la msumari, na chokaa ya chini imejitokeza nyeupe. Mama akasoma kumi na mbili nukta tano. Wiki ile ile mwalimu alikuwa amewafundisha nukta. Mama hakukosea, jamani. Alisoma kama alivyofundishwa. Akaenda nyumbani, akachukua kalamu, akatoa, akapata kwamba ushirika umemwibia kilo 112.5. Na hesabu hiyo ya kutoa ni sahihi kabisa, mwalimu aliipima baadaye akaipa alama ya vema.

Mliokuwapo kwenye mkutano ule mnakumbuka alivyosimama. Wengine mlicheka. Wengine mlianza kupiga kelele kwamba karani mwizi. Karani akaleta stakabadhi, ikaonekana ni 125, watu wakatulia. Lakini mama yule hakutulia. Alisema maneno machache tu: kama ukuta nao unaandika, basi sisi tunaojifunza tutasoma nini? Akakaa chini. Juma zima hakuja darasani.

Ndugu wanachama, sisi tunaoandika karatasi hii tulishika kalamu ukubwani. Shule ya utotoni ilitupita kwa mambo ya nyumbani, na herufi tulizijulia kwenye kisomo, tukiwa na watoto tayari. Kwa hiyo tunajua mtu mzima anavyosoma mara ya kwanza. Hasomi maneno. Anasoma kila alama, moja moja, na kila alama ana wasiwasi nayo. Mtu aliyezoea kusoma akiona shimo analiruka, jicho lake limekwisha kujua neno. Mwanafunzi wa kisomo haruki kitu. Ukimwekea shimo, atalisoma shimo.

Na nchi hii imetumia nguvu nyingi sana kwa jambo hilo. Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya 1967, katika kila watu wazima 100, zaidi ya 60 walikuwa hawajui kusoma. Kufika 1986, hesabu za serikali zilisema wamebaki chini ya 10. Baadaye tulilegea, na sensa ya 2012 ikaonyesha kwamba wanaojua kusoma na kuandika, wa miaka 15 na zaidi, ni kama 78 kwa kila 100. Ndiyo maana darasa letu bado lipo. Haifai basi mtu aache darasa kwa sababu ya shimo la msumari.

Sasa tuje kwenye rangi ya mwaka jana, na hapa tunaomba msikilize vizuri, maana kuna jina la mtu limechafuka.

Yamesemwa mengi vilabuni na njiani. Imesemwa fundi aliuza ndoo moja ya rangi. Imesemwa alichanganya rangi na maji mengi ili zilizobaki apeleke kwake. Kijana yule ni wa hapa hapa, na tangu maneno hayo yaanze hajapata kazi hata ya kupaka choo. Tunasema leo hadharani: maneno hayo si kweli. Ndoo tulizihesabu sisi, zikiwa zimejaa na zikiwa tupu. Fundi alituambia mapema kwamba ukuta ni mbichi, umelowa, na mashimo hayajazibwa, tumpe mwezi mmoja na nusu. Tukamwambia tuna siku tano. Tukamwambia apake hivyo hivyo, rangi itafunika. Na ilikuwa mwezi wa tatu, mnajua mwezi wa tatu wa Tukuyu ulivyo. Alipaka kwa sababu sisi tulimwamuru. Kosa ni letu, siyo lake. Aliyemnyima kazi kwa sababu ya ghala hili, na amwite.

Baada ya kusema hilo, tueleze kwa nini rangi ilibambuka, kama tulivyofundishwa na kijana huyo huyo pamoja na fundi mwingine mzee wa mjini, na kama tulivyojionea kwa macho.

Kwanza ni maji. Hapa kwetu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma hawafikii hata theluthi ya hiyo. Kwa hiyo mambo ya rangi anayoyasema mtu wa Dodoma, hapa usiyachukue yote. Ukuta wetu unakunywa maji kutoka pande mbili. Juu, gata la bati limetoboka na maji yanatiririka mgongoni mwa ukuta wa ubao. Chini, udongo umerundikana nje ya ukuta kwa miaka, tena tukapanda migomba pale pale, ikapendeza, lakini udongo ule unashika unyevu usiku na mchana. Maji yanapanda ndani ya matofali, na yakifika upande wa ndani yanatafuta njia ya kutoka. Yakikuta rangi yanaisukuma. Rangi inavimba kama malengelenge, halafu inaanguka. Ule unga mweupe mliouona chini ya rangi, wengine mkasema ni chokaa mbovu, ni chumvi. Maji yanaibeba kutoka kwenye tofali na saruji, yakikauka yenyewe yanaiacha pale.

Tulifanya jaribio moja ambalo kila mtu anaweza kulifanya nyumbani kwake bila gharama. Chukua kipande cha nailoni, ubandike ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, pasiingie hewa, ukiache usiku kucha au zaidi. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo sisi tulitumia kipande cha nailoni ya kufunikia miche, asije mtu akasema Katibu anavunja sheria.) Asubuhi tazama. Matone yakiwa upande wa nje wa nailoni, ni unyevu wa hewa tu. Yakiwa upande wa ndani, ulioelekea ukuta, ukuta wenyewe una maji. Wetu ulikuwa unatoa matone mpaka yanachuruzika. Ukuta wa namna hiyo usiuzibe wala usiupake kitu. Tafuta maji yanakoingia, uyafunge, usubiri ukauke.

Pili ni ile rangi ya mafuta tuliyopaka sehemu ya chini. Pale chini fundi alikuwa amelazimika kupiga lipu mpya siku tatu kabla. Saruji mbichi ina ukali, kama magadi. Na mnajua akina mama, mafuta yakikutana na magadi makali yanageuka kitu gani? Sabuni. Ndivyo ilivyokuwa. Rangi ya mafuta juu ya saruji mbichi inageuka ya kunata na kuteleza, kisha inaachia. Lipu mpya inataka kama siku 28 kabla ya kupakwa rangi, na kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba hata zaidi.

Tatu, na hili ndilo jambo tulilokusudia hasa, ni kuziba.

Watu wengi, sisi tukiwa wa kwanza, tunaamini rangi inaziba. Ukiona ukuta una mikwaruzo unasema paka mara mbili, paka mara tatu, itafunika. Haifuniki. Rangi ikikauka ni ngozi nyembamba sana, nyembamba kuliko ganda la kitunguu, na inalala juu ya ukuta kama ulivyo. Shimo linabaki shimo, tena likiwa limepakwa rangi linaonekana zaidi kuliko mwanzo, hasa jua la jioni likiingia kwa ubavu. Kitu cha kuziba ni ule unga laini unaochanganywa na maji, mafundi wanauita puti. Kazi yake ni moja tu, kusawazisha vitu vidogo vidogo: mikwaruzo, matundu ya misumari, vinyweleo vya lipu, nyufa nyembamba. Unapakwa mwembamba, milimita moja au mbili kwa mara moja, unakauka, unasuguliwa kwa msasa, ndipo rangi inafuata.

Lakini puti si moja, na hapa watu wanapoteza fedha dukani. Mfuko ni mweupe, unga ni mweupe, muuzaji anasema yote ni sawa. Si sawa.

Kuna puti ya jasi, ile mafundi wanayoiita jipsamu. Jasi ni jiwe, nalo tunalo kwetu: linachimbwa Makanya kule Same, linachimbwa Itigi na Kilwa. Likichomwa kwenye joto la kama nyuzi 150 linapoteza sehemu kubwa ya maji yaliyomo ndani ya jiwe, linakuwa unga. Ukiutia maji, unayanywa yale yaliyotoka, unarudi kuwa jiwe mbele ya macho yako. Wamisri wa kale walitumia kitu hicho hicho kwenye majengo yao makubwa. Hata chaki nyingi za darasani ni jasi. Puti hii ni laini kuliko zote, inasuguliwa kwa urahisi, inapendeza. Lakini adui yake ni maji. Lita moja ya maji inaweza kuyeyusha kama gramu mbili za jasi, na hata isipoyeyuka inalainika. Kwa hiyo ni ya ndani tu, kwenye ukuta mkavu. Kuipaka nje ya nyumba hapa Kawetele ni sawa na kuipaka ndani ya mto.

Ipo puti ya saruji nyeupe iliyochanganywa na unga laini wa chokaa na gundi. Hii inavumilia unyevu na inaweza kukaa nje. Ni ngumu kusugua. Ukichelewa siku mbili tatu kabla ya kuipiga msasa, mkono utauma na msasa utaisha.

Na ipo ile ya zamani ambayo mafundi wetu wameijua tangu kwa babu zao waliowafundisha kazi, niru. Ni saruji tupu na maji, inapakwa nyembamba juu ya lipu na kung'arishwa kwa mwiko wa chuma. Sakafu zetu nyingi ni niru. Kwa ubao wa kuandikia tumeambiwa niru ndiyo msingi mzuri kuliko jasi, kwa sababu ubao unafutwa kila siku kwa kitambaa kibichi, na jasi isingemaliza muhula.

Tuseme pia ambavyo si puti, maana tulivikuta ukutani tulipoanza kukwangua. Tulikuta vipande vya chaki vilivyolowekwa na kushindiliwa kwenye mashimo; mtu alifikiri vizuri kidogo, maana chaki ni ndugu wa jasi, lakini iliyokwisha kugandamana haishiki tena, ilianguka kwa kidole. Tulikuta sabuni ya mche. Rangi haikai juu ya sabuni. Na kwenye tundu moja kubwa tulikuta ugali, na siafu wamekwisha kuufahamu. Hatutauliza ni nani.

Mtu asifikiri mambo haya ni ya kizungu au ya mjini. Mama zetu walipokuwa wakisiriba nyumba za mianzi kwa udongo, walipiga kwanza udongo mnene wenye majani, ukakauka ukapasuka, ndipo wakarudi na udongo mwembamba uliochekechwa kwa mkono, wakaupaka kwa kiganja kwenye nyufa mpaka ukuta ukawa kama kibuyu. Udongo wa pili ule ni puti. Na watu wa pwani, kule Lamu na Unguja, walichoma mawe ya matumbawe juu ya magogo wakapata chokaa, wakaiacha ikae muda mrefu na maji, wakaitumia kusawazisha kuta na kuchonga zile zidaka za ndani ya nyumba zao za mawe. Nyumba hizo zimesimama miaka mia na mia mbili. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliandikwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 na Lamu mwaka 2001.

Tena huko pwani kuna somo linalotuhusu. Baadaye watu waliziba nyufa za nyumba zile za chokaa kwa saruji, wakidhani kigumu ni bora. Chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Saruji ikafunga mlango. Maji yakabaki ndani ya ukuta, yakala chokaa ya kale, na lipu ya saruji ikaanguka vipande vizima pamoja na mawe iliyoyashika. Kwa hiyo anayeziba na ajue kwanza ukuta wake ni wa nini. Wale wenye nyumba za matofali mabichi ya udongo, msikimbilie puti ya saruji ya dukani. Zibeni udongo kwa udongo, mkitaka weupe pakeni chokaa.

Sasa kazi yenyewe inavyokwenda. Tulijaribu kwenye robo ya ubao, upande wa kushoto, mwende mkaone baada ya mkutano.

Fundi alianza kwa kukwangua kila kitu kilicholegea. Usihurumie rangi. Inayotoka kwa kisu itoke sasa, maana isipotoka leo itatoka na puti yako kesho. Ukuta wenye ukungu wa kijani au mweusi unaoshwa kwa maji na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kisha unasuuzwa, na dawa hiyo usiichanganye na dawa nyingine yoyote, inatoa moshi wa sumu. Hapo tuseme jambo kwa akina mama wenye watoto: rangi za mafuta za zamani, nyingi zilitiwa madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu, na kwa mtoto hakuna kiasi ambacho unaweza kusema hiki ni salama. Rangi ya zamani ikwanguliwe ikiwa imeloweshwa, watoto wakae mbali, na mabaki yasitupwe kwenye bustani ya mboga.

Ule ufa wa pembe ya dirisha hakuupaka juu juu kama tulivyotaka sisi. Aliupanua. Tukapiga kelele, unaharibu! Akatuonyesha: ufa mwembamba puti haiingii ndani, inalala juu kama plasta ya kidonda na kuanguka. Aliuchimba kwa ncha ya mwiko mpaka ukawa kama mfereji mdogo, mpana nje, mwembamba ndani, akapiga vumbi kwa brashi mpaka likaisha, akanyunyiza maji kidogo ili tofali lisinyonye maji ya saruji kabla haijashika. Sehemu iliyo ndani sana aliijaza kwanza kwa mchanga na saruji, akaacha siku kadhaa huku akiinyunyizia maji. Puti laini haijazi shimo kubwa. Ukiijaza nene inapasuka ikikauka, na umerudi ulikotoka.

Ndipo akachanganya niru. Maji kwanza kwenye chombo, kisha unga, siyo unga kwanza, ukitaka isiwe na madonge. Kidogo kidogo, kiasi unachoweza kupaka kabla haijaanza kushika. Ikishaanza kushika usiiongeze maji kuifufua. Hilo tulimwona fundi mmoja akilifanya zamani, na kazi ile ilikuwa unga baada ya mwezi.

Kwenye matundu ya misumari alipaka na kuacha imevimba kidogo juu ya ukuta, maana ikikauka inanywea. Siku ya pili alipiga msasa. Alianza na mkavu wa namba 80 pale palipovimba, akaenda 120, akamalizia 180. Namba ikiwa kubwa msasa ni laini, msije mkadanganywa. Vumbi lilikuwa jingi, sote tulijifunga vitambaa vibichi puani na mdomoni. Saruji na chokaa si vitu vya kuvuta, na jichoni vinaunguza. Maji safi yawe karibu.

Halafu alifanya jambo lililotufurahisha. Alisubiri giza. Akawasha tochi, akaiegemeza ukutani ili mwanga upite kwa ubavu, siyo wa mbele. Jamani, ukuta tuliousifu mchana ukawa kama milima ya Livingstone! Kila tundu na kivimbe vilitoa kivuli. Akavizungushia alama ya chaki kimoja kimoja, kesho yake akavirudia. Mtu asiye na fundi anaweza kufanya hivyo nyumbani kwake kwa tochi ya simu.

Kabla ya rangi kuna praima. Wengi mnaiona ni ujanja wa maduka. Sababu yake ni hii: sehemu iliyozibwa inanyonya rangi kuliko sehemu nyingine. Usipopaka praima, rangi inazama pale, na kila ulipoziba panaonekana doa lililofifia. Umeziba shimo ukaacha kivuli chake. Kwa ubao wa kuandikia hilo ni baya zaidi, mwanafunzi ataliona doa akalifikiria.

Ubao nao una yake. Using'arishwe kama kioo, chaki itateleza isiandike. Niru isawazishwe, kisha isuguliwe kidogo iwe na meno. Rangi iwe ya ubao, isiyong'aa. Zamani mashuleni tulisaga makaa, na wengine walivunja betri za redio wakachanganya ule unga mweusi. Makaa na masizi hayana neno, ila yanafutika upesi. Unga wa betri tuuache, una madini ya manganizi yasiyofaa kuvutwa wala kushikwa na watoto. Na ubao mpya ukishakauka, chukua chaki kwa ubavu, usugue ubao wote uwe mweupe, kisha ufute. Usipofanya hivyo, neno la kwanza litakaloandikwa litabaki linaonekana chini ya mengine yote, na la kwanza la karani wetu huwa ni namba.

Mtasema haya yote ni gharama. Tumepiga hesabu pamoja na Mweka Hazina na iko ukutani upande wa kulia wa karatasi hii. Kinachokula zaidi si puti wala praima. Ni gata. Puti ya robo ya ubao ilikuwa kidogo kuliko mlivyochanga kwa soda za wageni wale mwaka jana, na tunasema hivyo tukijua soda zile tuliziagiza sisi.

Mpango uliopitishwa na Bodi ni huu. Gata linatengenezwa juma hili. Udongo na migomba iliyoegemea ukuta inaondolewa kwa kazi ya pamoja siku ya Jumamosi, saa moja asubuhi, kila mwanachama aje na jembe au beleshi, na machipukizi ya migomba atakayeyataka ayachukue. Baada ya hapo hakuna atakayegusa ukuta mpaka jaribio la nailoni litoke kavu mara mbili, hata kama Katibu mwenyewe ataomba. Kupaka ni kuanzia mwezi wa nane, mvua ikiwa imetuacha. Fundi ni yule yule. Atalipwa kwa kazi ya sasa, na Bodi imekubali kumlipa siku zake za mwaka jana ambazo tulimkata.

Katika kipindi hicho karani ataandika kilo kwenye karatasi, na nukta yoyote ataizungushia duara. Darasa la kisomo litakuwa upande wa kushoto wa ubao, kwenye ile robo iliyokwisha. Mama yetu tulimfuata nyumbani, sisi na mwalimu. Alikuja jana. Aliupitisha mkono ubaoni kutoka juu hadi chini, polepole, akitafuta shimo, halafu akaomba chaki.